Shilingi Arobaini

SEHEMU YA KWANZA

Hakuna aliyekuwa akimwita yule mzee kwa jina lake la ubatizo. Sokoni Gakindu, kanisani, kwenye steji ya matatu, aliitwa Karani, na jina lilimkaa sawasawa. Maisha yake yote ya kazi yaliishia nyuma ya dirisha la ofisi ya kiwanda cha kahawa huku Mukurweini, akiandika kilo za kila mkulima, advansi aliyochukua, mbolea aliyokopa na salio lake. Mpe ukurasa mmoja wa leja, watu walisema, naye atakwambia ni boma gani lina mgonjwa na nani amepeleka mtoto sekondari, bila kunyanyuka kitini.

Ijumaa moja ya Julai, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye migomba, mjukuu wake aliingia kutoka chuoni Karatina na begi mgongoni na macho ya mtu aliyekosa usingizi. Alimsalimu nyanyake jikoni, akapewa chai na nduma, akavibeba hadi sebuleni.

“Guka, nataka uniangalizie kitu.”

“Kitu gani, mami?”

“Leja.”

Mzee akakunja gazeti.

Msichana alikuwa anasomea fasihi, na kazi aliyopewa ilikuwa hii: achague mchezo wa kuigiza wa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, mchezo uliopotea, aeleze ulikuwa nini. Sisi tuliosoma Mabepari wa Venisi kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere hudhani kwamba michezo ya Waingereza wa zama zile ipo yote rafuni inasubiri msomaji. Haipo. Mingi haikupigwa chapa hata mara moja. Iliandikwa kwa mkono, ikauzwa kwa kundi la waigizaji, ikachezwa mpaka karatasi zikachakaa, basi. Mingine imebakiza jina tu, na jina lenyewe halikutunzwa na mpenda fasihi. Lilitunzwa na mfanyabiashara aliyetaka kujua pesa zake zimekwenda wapi.

Mfanyabiashara huyo ni Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose uliojengwa 1587 kusini ya mto Thames. Waigizaji wa Lodi Admirali walicheza kwake, na walipotaka kununua mchezo kwa mwandishi au nguo za jukwaani, yeye ndiye aliyewakopesha. Kila mkopo aliuandika. Daftari lake liko hadi leo katika Chuo cha Dulwich, London, chuo kilichoanzishwa 1619 na mwigizaji Edward Alleyn, aliyemwoa binti wa kambo wa Henslowe. Kurasa zake zimepigwa picha na mtu yeyote anaweza kuzifungua kwenye intaneti, hata akiwa Gakindu, ilimradi mtandao usikatike.

Karani alivuta lenzi yake kwenye droo. Kwa muda mrefu hakusema neno. Kitu cha kwanza kilichomvutia kilikuwa daftari lenyewe. Kaka yake Henslowe, aitwaye John, alikuwa amelitumia kwanza, kati ya 1576 na 1581, kwa hesabu za uchimbaji na uyeyushaji wa chuma katika msitu wa Ashdown. Lilibaki na kurasa tupu. Philip akaligeuza juu chini, akaanzia upande wa nyuma mwaka 1592.

“Huyu ni mtu wa leja kweli,” mzee akasema. “Hatupi karatasi. Haya, nionyeshe unachotafuta.”

Msichana alikuwa amechagua ucheshi ulioitwa Wanawake Wawili Wachangamfu wa Abington. Mwandishi, Henry Porter. Henslowe humwita Harry. Mwaka 1598 Francis Meres, katika orodha yake ya waandishi bora wa ucheshi nchini Uingereza, alimtaja Porter pamoja na Shakespeare. Leo Porter amebakiwa na mchezo mmoja tu uliochapwa, Wanawake Wawili Wenye Hasira wa Abington, wa 1599. Huo wa wachangamfu hauna hata ukurasa. Una mstari mmoja wa malipo.

Alimfungulia babu yake maingizo matatu, akamsomea taratibu kwa sababu tahajia ya Henslowe humshinda hata Mwingereza. Tarehe 22 Desemba 1598, pauni 5 kwa Porter, sehemu ya malipo ya mchezo wa pili wa Wanawake Wenye Hasira. Tarehe 12 Februari 1598, pauni 2 za kumaliza malipo ya kitabu hichohicho. Tarehe 28 Februari 1598, shilingi 40, advansi ya Wanawake Wachangamfu.

“Rudia tarehe.”

Akarudia.

Karani akavua miwani. Pauni na shilingi hazikumsumbua. Alikuwa mtu mzima wakati pauni ya Kenya ilipohesabiwa shilingi 20 na bajeti ya serikali kusomwa kwa pauni. Kilichomsumbua ni kingine.

“Mami, mtu huyu anamaliza kulipia kitabu Februari, halafu anaanza kukilipia Desemba ya mwaka uleule. Mimi ningeletewa leja ya namna hii kiwandani ningeita mkaguzi. Kuna mtu ameichezea.”

Alitegemea msichana acheke. Badala yake aliona mkono wenye kikombe ukitetemeka kidogo.

“Guka,” alisema kwa sauti ya chini, “kuna mtu aliichezea kweli.”

SEHEMU YA PILI

Wiki jana tulimwacha Karani wa Gakindu na mjukuu wake mbele ya leja ya miaka zaidi ya mia nne, na neno zito likiwa limetamkwa: imechezewa.

Aliyeichezea alijulikana kwa jina. John Payne Collier alikuwa msomi aliyeheshimiwa sana katika karne ya kumi na tisa. Aliaminiwa hata akaruhusiwa kulishika daftari la Henslowe lenyewe, akalitoa kama kitabu mwaka 1845. Ndani ya nafasi zilizoachwa wazi alikuwa amepachika maneno yake mwenyewe, kwa mwandiko wa kuiga na wino wa kuzeeshwa, ili agundue alichokitia. Alimzushia Thomas Nashe maingizo kuhusu Kisiwa cha Mbwa, mchezo mwingine uliopotea. George Warner ndiye aliyemfichua, alipochapisha orodha ya hati za Dulwich mwaka 1881. Tena Collier hakuwa mharibifu pekee. Wapenda sahihi za watu mashuhuri walikuwa wamekata vipande vya kurasa kwa mkasi, wakaondoka navyo.

Nasema wazi kwamba kosa hili haliniishi moyoni. Mchezo uliopotea hauna shahidi mwingine ila leja. Anayeghushi leja hakosei tarehe tu, anamnyang'anya marehemu ushahidi wake wa mwisho kwamba aliwahi kufanya kazi.

“Sasa huyu Porter,” Karani aliuliza, “amepachikwa?”

“Hapana. Walioihariri upya, Greg mwaka 1904, kisha Foakes na Rickert 1961, walipitia mstari kwa mstari wakitenga ya kughushi. Haya ya Porter waliyaacha. Ni ya Henslowe.”

“Basi Henslowe mwenyewe hajui kalenda.”

Mvua nyepesi ilikuwa imeanza kugonga mabati. Nyanya alipita na karabai iliyozimwa, kwa sababu stima ilikuwa imerudi, akawatazama wawili hao walivyoinamia mwanga wa laptopu, akaenda zake kulala. Karani alichukua kalamu na nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita akaanza kunakili tarehe moja baada ya nyingine, si za Porter tu, zote za miezi ile. Desemba 1598. Januari 1598. Februari 1598. Machi 1598. Halafu Aprili. Aprili ilikuwa 1599.

Kalamu ikasimama.

“Mami, mwaka wa kahawa unaanza lini?”

“Oktoba.”

“Na mtu asiyejua kahawa akisoma leja yangu, akikuta Septemba inafuatwa na msimu mpya, atasema nimelewa. Uliza mwaka wa hawa watu ulikuwa unaanza lini.”

Hakuhitaji kuuliza. Alikumbuka palepale, na aliona haya kwamba alikuwa amelisoma darasani na kulipita. Katika hesabu za Uingereza ya wakati ule, mwaka ulibadilika tarehe 25 Machi. Februari 1598 ya Henslowe ni Februari 1599 yetu. Desemba inakuja kwanza, Februari inafuata. Leja ilikuwa imenyooka muda wote.

Baada ya hapo mambo yalijipanga. Tarehe 22 Desemba Porter anapewa pauni 5 kwa sehemu ya pili ya Wanawake Wenye Hasira. Tarehe 12 Februari anamaliziwa pauni 2: jumla pauni 7, bei nzuri siku ambazo mchezo mpya ulikwenda kwa pauni 6 hivi. Siku kumi na sita baadaye anachukua shilingi 40 kwa kitabu chenye jina jingine. Wapo waliodhani Wachangamfu ni Wenye Hasira kwa jina la pili. Karani hakukubali hata dakika moja. Kitabu kilichokwisha kulipwa hakichukuliwi advansi tena.

“Ni cha tatu,” alisema. “Mtu alikuwa na wanawake wake wawili, watu waliwapenda, akawarudia mara ya tatu.”

Walipendwa kwa haki. Katika ule mchezo uliosalia, Bi Barnes anamshuku Bi Goursey kwamba anamtaka mumewe. Wanaanza kwa kucheza bao la mezani kwa adabu, na kila hoja inabeba tusi chini yake, mpaka nyumba mbili za majirani zinawaka. Waume wanatafuta amani kwa kuwaoza watoto wao, Frank na Mall. Usiku mzima unaisha watu wakikimbizana gizani na mienge, kila mmoja akimshika asiyemtafuta. Yumo na mtumishi aitwaye Nicholas, ambaye hawezi kujibu neno bila methali; ukimuuliza saa, utapata methali. Msichana alimweleza babu yake habari za Nicholas, na mzee akacheka hadi akakohoa, akasema huyo angekaa kamati yoyote ya kiwanda.

Alikuwa bado anafuta macho alipoona kitu. Ingizo la shilingi 40 halikuishia kwenye kiasi. Chini yake Henslowe alikuwa ameongeza mistari. Karani hakuruka maelezo kamwe. Kwa uzoefu wake, kiasi humwelezea mkopaji, maelezo humwelezea mkopeshaji.

“Nisomee hiyo ya chini.”

Msichana akasoma, akatafsiri neno kwa neno. Mzee akamwomba asome tena. Kisha akasukuma kiti nyuma.

“Hiyo si advansi, mami. Hapo mtu ameuzwa.”

SEHEMU YA TATU

Maelezo yale yalisema hivi, kwa maneno yangu: kwa kupokea fedha hizo, Porter amempa Henslowe ahadi yake ya uaminifu kwamba vitabu vyote atakavyoandika, peke yake au pamoja na mwingine yeyote, vitakuwa vya Henslowe. Shilingi 40. Kalamu yote ya mtu mmoja, ya leo na ya kesho.

Karani hakulala mapema usiku ule. Alitaka kujua mtu anafikaje hapo, na njia aliyoijua ya kujua ni moja: kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa na kufuata jina.

Jina linaanza Desemba 1596, na pauni 5. Mei 1598 Porter analipwa kwa mchezo uitwao Mapenzi Yaliyozuiwa, umepotea. Tarehe 18 Agosti 1598 yeye, Henry Chettle na Ben Jonson wanalipwa pauni 6 kwa Hasira Kali Hupoa Upesi, nao umepotea. Wiki tano baada ya hapo, Jonson huyohuyo alimuua kwa upanga Gabriel Spencer, mwigizaji wa kundi lile, na Henslowe akamwandikia Alleyn barua ya masikitiko. Karani alisikiliza hiyo akiwa ametulia. Alisema tu kwamba watu waliobeba panga viunoni na madeni mifukoni si mchanganyiko mzuri.

Halafu wakafika kwenye nguo.

Tarehe 31 Januari 1599 Henslowe anampa mwigizaji Thomas Downton pauni 9 za kununulia kitambaa cha tafeta, gauni mbili za kike, za Wanawake Wawili Wenye Hasira. Tarehe 12 Februari anatoa pauni 2 zaidi kwa vitu mbalimbali vya mchezo huo. Fikiria hesabu hiyo. Mwandishi wa mchezo mzima, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho: pauni 7. Gauni mbili watakazovaa wavulana wakiigiza akina mama: pauni 9.

“Hapo ndipo utakapoujua mchezo wako,” Karani alisema, na kwa mara ya kwanza jioni ile sauti yake ilikuwa na furaha ya kazi. “Usitafute kitabu. Tafuta fundi nguo. Mchezo ukienda jukwaani lazima unakula pesa: kitambaa, uzi, kofia. Hao Wachangamfu wana ingizo la nguo?”

Walitafuta Machi yote. Aprili. Mei. Hakuna tafeta, hakuna uzi, hakuna hata utepe.

“Basi haukuchezwa.”

“La, Guka, subiri.” Msichana alikuwa amesimama. “Ni wanawake walewale wawili. Wa Abington walewale. Gauni zao zimenunuliwa Januari, ziko stoo, bado mpya. Wangenunua nyingine za nini?”

Mzee akamtazama kwa muda. Kuna namna wazee wa huku humtazama mtoto siku anapowashinda hoja, hawasemi neno, wanamwongezea chai tu. Karani alimwongezea chai.

Hoja ilikuwa imefunguka pande mbili, na haki ni kukiri kwamba leja haiegemei upande wowote. Kutokuwepo kwa nguo hakuthibitishi kwamba mchezo haukuwapo. Lakini palikuwa na jambo jingine ambalo Karani hakuweza kulikwepa: malipo ya kumalizia. Kila kitabu cha Porter kilichokamilika kina siku ya kumaliziwa fedha. Wachangamfu wana shilingi 40 za mwanzo na hakuna za mwisho. Ama hakumaliza kuandika, ama alimaliza na fedha zake zikamezwa na deni.

Wakafuata deni.

Machi 1599 Porter yuko kazini na Chettle, wakiandika mchezo uitwao Akina Spencer. Ahadi inafanya kazi: hata anaposhirikiana na mwingine, kitabu kinakwenda kwa Henslowe. Lakini kati ya malipo ya vitabu kunaanza kuonekana mikopo ya mkononi, midogo midogo, ya mtu anayetafuta chakula cha leo. Tarehe 16 Aprili anapokea shilingi 1. Moja. Kwa shilingi hiyo anajifunga kwamba asipolipa deni lake la shilingi 25 kesho yake, atadaiwa pauni 10.

Karani alilisoma ingizo hilo mwenyewe, kidole kikifuata mstari kwenye kioo cha laptopu. Alikuwa ameandika mikopo maisha yake yote, na alijua uso wa mtu anayekubali sharti ambalo hawezi kulitimiza. Mtu huyo hakutazami. Hutazama kalamu.

“Alilipa?”

“Hakulipa.”

Ingizo la mwisho lilikuwa tofauti na yote. Mwandiko ulibadilika. Haukuwa wa Henslowe, mwenye herufi nzito za haraka. Huu ulikuwa wa mtu aliyezoea kuandika kwa riziki, unateleza. Ni Porter mwenyewe, akikiri kwamba anadaiwa na Philip Henslowe shilingi 10 alizokopa tarehe 26 Mei 1599. Chini yake, jina lake kamili.

Msichana aliugusa mwandiko ule kwenye kioo. Mwandishi ambaye wiki nzima alikuwa jina katika orodha alikuwa hapo, mkono wake, wino wake, siku moja ya Mei alipohitaji shilingi 10.

“Endelea,” Karani alisema.

Juni. Julai. Agosti. Jina la Porter halikutokea. Mtu aliyekuwa akikopa karibu kila wiki alikuwa amenyamaza kabisa.

“Mwenye deni haachi kukopa ghafla,” mzee alisema polepole. “Nimeyaona hayo mara mbili tatu kiwandani. Amepata pesa, ama amehama, ama amekufa. Akihama, mkopeshaji huandika kumtafuta. Huyu hatafutwi. Funga hiyo leja, mami. Nenda mahakamani.”

Ilikuwa karibu usiku wa manane. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Ukurasa ulipofunguka hatimaye, msichana alisoma mistari miwili na kufunika mdomo.

“Guka. Ni siku kumi na moja tu baada ya sahihi ile.”

SEHEMU YA NNE

Hati ya mahakama ilikaa gizani zaidi ya miaka mia tatu. Aliyeiibua ni Leslie Hotson, mtafiti aliyekuwa na subira ya ajabu ya kupekua makaratasi ya kesi za kale. Alichapisha alichokipata mwaka 1931. Inasema kwamba tarehe 6 Juni 1599, huko Southwark, mtaa uleule wa ukumbi wa Rose, Henry Porter alichomwa kwa upanga mwembamba upande wa kushoto wa kifua. Alikufa kesho yake. Aliyemchoma aliitwa John Day.

Karani alihesabu kwa vidole, 26 Mei hadi 6 Juni. Leja na mahakama, ofisi mbili zisizojuana, zilikuwa zimekutana ndani ya siku kumi na moja. Kwake huo ulikuwa ushahidi kuliko kiapo chochote.

Kulikuwa kumekucha. Walikuwa wamekaa barazani sasa, jua likichomoza upande wa Kirinyaga na wanawake wakishuka njiani na mitungi ya maziwa. Karani aliwaitikia salamu bila kuinua macho.

“Kwa hiyo Wachangamfu wako walipewa shilingi 40 Februari, na baba yao akauawa Juni. Miezi mitatu na siku chache. Mtu mwenye njaa huandika mchezo kwa muda gani?”

“Wiki chache. Wengine waliandika haraka sana.”

“Basi alikuwa na muda. Karatasi zilikuwapo, angalau nusu. Zilikwenda kwa nani?”

Swali hilo hakulitoa hewani. Alikuwa na mfano karibu. Alimfahamu mwandishi Gakaara wa Wanjaũ kwa macho, siku alipokuwa akinunua vitabu vya Kikuyu Karatina. Gakaara alikamatwa 1952, akaandika shajara akiwa kizuizini, na karatasi zile zikaokoka miaka na miaka hadi zikawa kitabu mwaka 1983, kikapata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Ziliokoka kwa sababu zilikuwa na mwenyewe wa kuzitunza. Porter alikufa na sahihi kwenye deni. Na kwa ahadi ya Februari, kila alichoandika kilikuwa cha mtu mmoja tu London nzima.

“Henslowe,” msichana alisema.

“Henslowe alikuwa na haki nazo. Kuwa na haki na kuwa nazo mkononi si kitu kimoja. Niambie, nani huingia chumba cha marehemu kwanza? Mwenye nyumba, mwenye deni, ama mwenzake wa kazi. Mwenye deni tunamjua. Sasa huyu aliyemuua, huyu Day. Kazi yake ilikuwa nini?”

Msichana alikuwa amelisubiri swali hilo kwa hofu, kwa sababu jibu alikuwa nalo tangu usiku.

“Inaaminika ndiye yule mwandishi wa michezo. Henslowe alimlipa mara ya kwanza Julai 1598. Wako kwenye leja moja, Guka. Yeye na Porter.”

Mzee hakujibu. Aliinuka, akaenda hadi ukingoni mwa baraza, akatema mate kwenye majani, akarudi.

“Baada ya Juni, jina lake liko?”

“Sijaangalia.”

“Angalia.”

Walianza Julai 1599. Agosti, Septemba, Oktoba: hakuna Day. Karani alianza kudhani kwamba kamba ilikuwa imefanya kazi yake, au gereza. Kisha Novemba. John Day na William Haughton, wanalipwa kwa tanzia ya Cox wa Collumpton. Ni hadithi ya mauaji. Miezi mitano tangu damu ya Porter imwagike Southwark, aliyeshtakiwa kwa damu hiyo yuko huru na anapokea fedha kutoka kwenye mkono uleule uliomkopesha Porter shilingi zake 10 za mwisho, kwa kuandika jinsi mtu anavyouawa. Henslowe hakuandika maelezo yoyote pembeni. Aliandika kiasi.

“Yeye huandika maelezo akiwa na shaka,” Karani alisema. “Hapa hakuwa na shaka. Endelea.”

Desemba. Day na Haughton tena, mauaji tena. Februari 1600. Machi. Aprili. Maziwa yalikuwa yamepita yote, njia imetulia, na nyanya alikuwa ameita mara ya pili kwamba uji unapoa. Hakuna aliyeinuka.

Msichana alifika Mei na kidole chake kikasimama.

“Isome,” mzee alisema.

“Pauni 5 na shilingi 10. Malipo kamili ya kitabu. Kinaitwa Kipofu Mwombaji wa Bednal Green. Wanalipwa John Day na Henry Chettle.”

“Chettle. Si ndiye aliyekuwa akiandika na marehemu?”

“Ndiye. Hasira Kali, na Akina Spencer, mwezi mmoja baada ya ahadi.”

“Kwa hiyo aliyejua Porter alikuwa na nini mezani, na aliyemuua Porter, wameketi meza moja.” Karani alivuta lenzi karibu. “Tarehe?”

Hakujibu mara moja. Alikuwa anaitazama akidhani macho yamechoka. Aligeuza laptopu ili babu yake aone mwenyewe.

Tarehe 26 Mei 1600. Mwaka mmoja kamili, siku kwa siku, tangu Harry Porter aweke sahihi yake ya mwisho.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

“Hicho kitabu chao, mami. Nacho kimepotea?”

“Hapana, Guka. Kilichapwa 1659. Kipo chote.”

“Kipo chote,” Karani alirudia. Alivuta kiti chake mpaka kikagusa cha mjukuu wake. “Kifungue. Na kabla hujaanza kusoma, niambie kuna wanawake wangapi.”

ITAENDELEA WIKENDI IJAYO